Wanyama Wadogo wa Mtopwe

Nchi yetu ina utulivu mkubwa. Jina lake silitaji, na si kwa woga. Lilibadilishwa mwezi Machi na jipya bado linachapwa. Mwalimu wetu wa jiografia anasema tukiulizwa kwenye mtihani tuandike "Jamhuri ya", kisha tuache nafasi.

Watu wa nje wanatujua kwa jambo moja tu, nalo ni filamu za wanyama wadogo. Hapo hatuna mpinzani. Tumepeleka kwenye mashindano filamu ya utitiri wa kuku, filamu ya chawa wa mbuzi, na filamu ya funza anayeishi ndani ya pera, na zote zimerudi na vikombe. Majaji walipouliza siri ya ushindi wetu, Waziri wa Habari alijibu kwamba ni mapenzi ya Rais kwa viumbe vyote. Hiyo ni kweli. Ipo pia Sheria ya Kimo, ambayo Waziri aliisahau kwa sababu ya furaha.

Sheria ya Kimo ilitungwa baada ya Rais kupigwa picha akikata utepe wa daraja. Picha ilitoka vizuri. Rais alionekana, mkasi ulionekana, utepe ulionekana. Daraja ndilo halikuonekana, kwa kuwa halikuwepo. Bunge likakaa siku moja, pamoja na mapumziko ya chai, likaamua kwamba ni marufuku kupiga picha ya kitu chochote kinachozidi urefu wa kidole. Mbunge mmoja akauliza, kidole cha nani? Lilikuwa swali zuri, na kiti chake kilipata mtu mwingine wiki iliyofuata. Kidole kilichokusudiwa kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa Rais, kile anachotumia kuelekeza taifa. Kilichukuliwa umbo kwa plasta nyeupe, kikawekwa ndani ya sanduku la kioo katika Idara ya Vimo, kikapewa walinzi wawili na gari. Kinaitwa Kidole Kikuu.

Mtu akitaka kupiga picha ya kitu kirefu zaidi, anaruhusiwa kuomba kibali. Fomu ina kurasa arobaini. Sharti la kwanza ni kuambatanisha picha ya kitu unachotaka kukipiga picha.

Basi wapigapicha wetu wote wakainama. Hawajainuka mpaka leo.

*

Kila Jumapili saa kumi jioni sisi wanafunzi wa bweni tunakusanyika bwaloni kutazama filamu hizo. Ni lazima. Kiranja anahesabu vichwa. Tumesoma mengi humo. Mimi najua chawa hutaga mayai mangapi kwa siku na huyagandisha vipi kwenye unywele, ila sijawahi kuona picha ya hospitali ya wilaya yetu. Inasemekana ipo.

Idara ya Vimo haina mchezo. Vunjajungu aliwahi kukatwa dakika kumi na nne kwa sababu alijinyoosha. Jongoo anaruhusiwa akiwa amejikunja tu. Tandu mmoja wa porini, aliyezidi Kidole kwa ukucha mmoja, ilibidi aonyeshwe kwa awamu mbili: kichwa na kifua Jumapili hii, mkia Jumapili ijayo. Wiki ile nzima taifa lilikaa roho juu, halijui kama mkia utakuja.

Upimaji wenyewe hufanyika kwenye kioo cha televisheni. Zamani maafisa walikuwa wanawapima wadudu wenyewe, wakaumwa, wakalalamika, wakanunuliwa televisheni. Tangu siku hiyo kinachopimwa ni picha. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu kuna mtu limemgharimu mama.

*

Mpigapicha bora kuliko wote aliitwa Zawena. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sugu kwenye viwiko kwa kulala kifudifudi. Aliwahi kulala siku tatu mbele ya tundu la sisimizi akisubiri mmoja wao achoke. Mama yake, Bi. Mashavu wa kitongoji cha Mtopwe, alikuwa akiwaambia majirani: "Mwanangu amesoma miaka kumi na sita ili alale chini kama mtoto aliyenyimwa peremende." Lakini alikuwa akisema hivyo huku amebeba kikombe cha ushindi cha Zawena, ambacho alikitumia kupimia mchele.

Mtopwe palikuwa na nyumba mia mbili na vichuguu vikubwa kuliko vyote nchini. Wahisani walipoona vichuguu hivyo katika filamu za Zawena walifurahi, wakaahidi kusaidia kujenga Hifadhi ya Taifa ya Wanyama Wadogo. Serikali ikakubali siku hiyo hiyo. Tatizo lilikuwa moja tu. Katikati ya makazi ya mchwa walikutwa watu.

Taarifa ya habari ilisema wakazi wa Mtopwe walihama kwa hiari, wakiimba. Hapakuwa na picha, maana wakazi walizidi Kidole.

Sasa siku walipokuwa wakihama kwa hiari, Zawena alikuwapo. Alikuwa amelala chini nyuma ya choo cha mama yake, anapiga filamu ya mchwa. Ilipelekwa Idarani, mchwa akapimwa kwenye kioo, akakutwa hajafika hata nusu ya Kidole, ikagongwa muhuri. Jumapili tukawekwa bwaloni tuitazame.

Dakika ya thelathini na moja mchwa walikuwa wanapita mstari mmoja, kila mmoja na kipande cha jani. Na nyuma yao, mbali kabisa, wadogo kama punje, ukapita mstari mwingine. Huo ulikuwa umebeba magodoro. Mmoja alibeba mlango. Nyuma yao kitu cha njano kilikuwa kinaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi.

Rafiki yangu Sadoki, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akasimama juu ya benchi. "Jamani, mchwa wamenunua tingatinga!"

Bwalo zima likacheka. Mpishi wetu hakucheka. Kwao ni Mtopwe. Alitoka jikoni na upawa mkononi, akasogea mpaka kwenye kioo, akagusa kidoa kimoja.

"Huu mlango wa bluu," akasema, "ni wa kwa dada."

Hapo kicheko kikaisha. Mchwa wakaendelea na kazi yao, na msimulizi, kwa ile sauti yake ya kutangaza misiba, akatueleza kwamba katika himaya ya mchwa kila mmoja anaijua nafasi yake. Jumatatu tulikuta mpishi naye amehama kwa hiari. Wali ulikuwa mbichi. Hakuna aliyemsikia akiimba.

*

Zawena akakamatwa Jumanne, na adhabu ya kosa lake ni miaka tisa. Kesi ikapangwa asubuhi. Mchana wa siku hiyo hiyo, mbele ya hakimu yule yule, ikapangwa kesi ya watu wa Mtopwe wanaodai ardhi yao. Watu wa Mtopwe hawakuwa na hati wala picha. Walikuwa na dakika nne za filamu ya Zawena, kuanzia ile ya thelathini na moja.

Mwalimu Kalembo, wa somo la uraia, alitufafanulia ndani ya basi, maana tulikuwa tunapelekwa mahakamani Kidato cha Tatu chote. Kesi ilikuwa ya wazi, na sheria inataka umma uwepo. Umma wenyewe ulikuwa umezuiwa getini kwa usalama wake, ndipo shule yetu ikaombwa itoe umma arobaini na wawili wenye sare zilizopigwa pasi.

"Mkiulizwa nyinyi ni nani?" akauliza Mwalimu Kalembo.

"Umma!" tukaitikia.

"Umma unafanya nini?"

"Unakaa!"

"Na nikiinua kalamu?"

"Unapiga makofi!"

Sadoki akainua mkono. "Mwalimu, umma ukibanwa na mkojo?"

"Unavumilia. Ndiyo tofauti kati ya umma na wahuni."

Ukumbini karani akapaza sauti: "Kidole kinaingia! Simameni!" Mlinzi mwenye glavu nyeupe akaingia taratibu, amebeba mto mwekundu, na juu ya mto Kidole Kikuu kimelala kama mgonjwa. Mlinzi wa pili alikuwa akipunga upepo wasije wakatua nzi.

"Mbona kimepinda?" akanong'ona Sadoki.

"Nyamaza," nikamjibu. "Kinaelekeza."

Mheshimiwa Hakimu Lyanga, mzee mwembamba aliyekuwa na mafua, akamuuliza mshtakiwa kama anakiri kosa au anakana.

"Nakiri," akasema Zawena.

Hakimu akaacha kupenga kamasi. "Husemi kwanza hukujua? Kila mtu huanza na 'sikujua'."

"Nilijua, Mheshimiwa. Sheria inakataza kupiga picha ya vitu vinavyozidi Kidole. Nimepiga picha za watu. Wale ni watu, nawajua kwa majina, na pale wanavunjiwa nyumba. Naomba iandikwe hivyo hivyo."

Sisi umma tulielewa polepole, Sadoki akiwa wa kwanza. Akiwa na hatia, basi filamu ina watu. Filamu ikiwa na watu, watu wa Mtopwe wana ushahidi mchana. Alikuwa amekubali kufungwa miaka tisa ili mahakama iandike neno moja tu, watu.

Mwendesha mashtaka, Wakili Machupa, hakuelewa. Aliinuka kwa furaha. Alikuwa na tumbo la heshima na sauti ya kipaza sauti.

"Mheshimiwa Hakimu!" akaanza. "Taifa hili limejengwa na watu walioinama. Wameinama mashambani, wameinama maofisini, wameinama katika sanaa. Katikati ya mafanikio hayo, mshtakiwa huyu ameinua kamera. Wataalamu wamepima: digrii nne! Leo digrii nne. Kesho je? Kesho atapiga picha ya dirisha! Keshokutwa ya aliye nyuma ya dirisha!"

Mwalimu Kalembo akainua kalamu. Tukapiga makofi. Wakili Machupa alizungumza dakika ishirini juu ya hatia ya mshtakiwa, na mshtakiwa alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila neno, jambo ambalo lilianza kumtia wasiwasi. Hapo simu yake ikaita. Aliisikiliza akiwa amesimama wima, visigino vimegusana. Akaomba mahakama ipumzike robo saa.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine.

"Mheshimiwa," akasema kwa upole, "Jamhuri imetafakari. Mshtakiwa hana hatia."

"Ninayo!" akasema Zawena.

"Hana, Mheshimiwa. Anajisingizia ili apate sifa. Jamhuri haitakubali raia mwema afungwe kwa uongo wake mwenyewe."

"Nimekiri mara mbili!"

"Na mara zote mbili Jamhuri imemsamehe."

*

Hoja ya Wakili Machupa ilikuwa nyepesi. Idara ya Vimo hupima picha, haipimi kitu. Hivyo ndivyo vunjajungu alivyopimwa, na tandu, na hakuna aliyelalamika. Basi wale wanaodaiwa kuwa watu wapimwe hivyo hivyo.

Mahakama haikuwa na televisheni. Ikaletwa ile ya kantini, ndogo, yenye ufa pembeni na harufu ya maandazi. Filamu ikawekwa, ikasimamishwa pale pale dakika ya thelathini na moja. Mlinzi akanyanyua Kidole kutoka kwenye mto na kukiegemeza kwenye kioo, kando ya kidoa kilichobeba mlango.

"Huyo ni nani?" akauliza Hakimu.

"Ni mama yangu," akasema Zawena.

Mlinzi akakodoa macho. "Mheshimiwa, mama anafika kwenye ukucha. Hajaumaliza."

"Na mchwa aliye mbele?"

"Mchwa anafika kwenye kiungo cha kwanza."

Hakimu akaandika, huku akisoma kwa sauti. "Mahakama... imejionea... kwamba mchwa... ni mkubwa kuliko mama."

"Yuko mbali, Mheshimiwa!" Zawena alishika kizimba kwa mikono miwili. "Kitu kikiwa mbali kinaonekana kidogo. Hata mtoto anajua!"

"Umma," akasema Hakimu akitugeukia, "mnajua?"

Mwalimu Kalembo hakuinua kalamu. Tukanyamaza.

"Umma haujui," akaandika Hakimu.

"Basi mchukueni mama huko nje! Ameruhusiwa kuingia kwa ajili ya kesi ya mchana, yuko hapo mlangoni. Mpimeni yeye!"

Bi. Mashavu akaletwa. Alikuwa mfupi kweli, lakini si kiasi hicho. Mguu mmoja ulikuwa unamsumbua, na alivaa khanga mbili za sare, safi, za mtu aliyejua anakwenda mahali pa heshima. Akaapishwa. Karani akamletea kiti, akakikataa.

"Bibi," akasema Hakimu, "unamfahamu mshtakiwa?"

"Namfahamu tangu hajawa mshtakiwa. Amekonda. Mnampa nini huko ndani?"

"Jibu swali tu, Bibi."

"Nimejibu. Wewe ndiye hujajibu."

Sadoki akanibana kiwiko kwa raha. Wakili Machupa akasogea, akamwonyesha kioo. "Bibi, tazama vizuri. Kiumbe hiki, ndicho wewe?"

Bi. Mashavu hakutazama kioo. Alimtazama Hakimu. "Kwanza niulize. Huyu mwanangu akionekana na hatia, anapata nini?"

"Miaka tisa."

"Na asipokuwa nayo?"

"Anatoka mchana huu."

"Na ili asiwe nayo, mimi niwe nani?"

Hakimu alipekua kitabu cha sheria, akapenga, akapekua tena. "Mnyama mdogo. Chini ya Kidole."

"Mama, usijibu!" akasema Zawena. "Sema wewe ni mtu. Neno moja tu, mama. Nitakaa hiyo miaka, nimeshakubali."

"Umekubali na nani? Mimi uliniuliza?"

"Nyumba zenu, mama. Ardhi yenu. Ukisema wewe si mtu, mchana hamna kitu."

"Wenzangu wako hapo getini tangu alfajiri. Nimewauliza. Wamesema, Mashavu, sema chochote kitakachomtoa mtoto. Nyumba zimeshavunjwa, Zawena, hazitavunjwa mara ya pili. Wewe bado hujavunjwa."

"Mama..."

"Nyamaza. Nimekuzaa mimi, hukunizaa." Akajifunga khanga upya kiunoni, akamgeukia Hakimu. "Andika. Mimi mdudu."

Televisheni ya kantini ilikuwa ikinguruma. Karani alishika kalamu, hakuandika. Hakimu akamwambia aandike.

"Una miguu mingapi?" akauliza Hakimu kwa ajili ya kumbukumbu.

"Miwili. Mmoja unauma."

Wakili Machupa akasimama haraka. "Mheshimiwa, Jamhuri inaomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mingine minne ilipotea katika misukosuko ya kawaida ya maisha."

"Imeingia." Hakimu akasita. "Kuna hili la kiapo. Sheria hairuhusu mnyama kuapa, na huyu ameapa."

Walijadiliana kwa minong'ono mpaka Kidole kikaanza kupata joto, kikarudishwa kwenye mto. Mwisho Hakimu akatangaza kwamba kiapo kimefutwa na ushahidi umebaki.

Zawena aliachiwa huru saa sita kasoro dakika kumi, akipiga kelele kwamba ana hatia. Askari wawili walimtoa nje kwa nguvu wakampa uhuru wake. Mwalimu Kalembo akainua kalamu. Tukapiga makofi.

Kesi ya mchana ilichukua dakika mbili. Hakimu alisema mahakama inawahurumia sana wadai, lakini hakuna sheria inayomruhusu mnyama kufungua kesi. Akaongeza kwa nasaha kwamba wakiwa na malalamiko waende kwa daktari wa mifugo.

*

Msomaji asidhani serikali yetu haina huruma. Sheria ya Hifadhi inasema mnyama mdogo asiondolewe katika makazi yake ya asili, na makazi ya asili ya wanyama hawa, kwa mujibu wa kumbukumbu za mahakama, ni Mtopwe. Basi wakarudishwa! Nyumba zote mia mbili zilirudi kwao, kasoro nyumba zenyewe. Walikuja na malori yaliyoandikwa "Wanyama Hai, Endesha Taratibu". Mabati hayaruhusiwi, kwa kuwa mdudu haezeki bati, lakini Hifadhi iliwajengea vichuguu vya saruji vyenye mlango na namba. Wizara ilisema huo ni mgogoro wa ardhi wa kwanza barani kumalizika kwa kila upande kupata ulichotaka. Wahisani walilia.

Zawena alipewa cheo cha Mpigapicha Mkuu wa Hifadhi. Angeruhusiwa kumpiga picha mama yake kutwa nzima, karibu au mbali, bila kibali chochote. Akakirudisha cheo pamoja na kamera. Alichoomba ni kuishi na mama yake. Akajibiwa kwamba ndani ya uzio hukaa wanyama wadogo tu, naye kisheria ni mtu, kwa sababu mnyama hashtakiwi. Akaandika barua akiomba apimwe upya. Idara ikamjibu kwa adabu sana. Ili apimwe lazima aonekane kwenye kioo. Ili aonekane kwenye kioo lazima apigwe picha. Na kumpiga picha hairuhusiwi, kwani anazidi Kidole, mpaka aombe kibali na kuambatanisha picha yake.

Amepanga chumba ng'ambo ya barabara. Kila siku anakaa kwenye jiwe nje ya geti. Uzio ni wa ukuta, wageni wasione bure.

*

Muhula uliopita tulipelekwa ziara ya mafunzo. Mwongozaji alikuwa kijana mchangamfu aliyevaa kijani. Alitupa masharti matatu. Tusiwape chakula. Tusiwaguse. Tusiwajibu.

"Tusiwajibu nini?" akauliza Sadoki.

"Wanatoa sauti," akasema mwongozaji. "Wageni wengine hudhani wanasemeshwa."

Tukapewa kila mmoja lenzi ya mkononi na karatasi ya kujaza: miguu, rangi, chakula, sauti. Tukapita kwenye vichuguu. Mmoja alikuwa anakarabati mwiko, mwingine ananyoa mwenzake. Kichuguu namba kumi na nne alikaa Bi. Mashavu, mguu mbaya ameunyoosha juani, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Tazameni," mwongozaji akanong'ona, "anatenga mawe na punje. Hakufundishwa na mtu. Ni silika."

Arobaini na wawili tukamwinamia na lenzi zetu. Alikuwa amezeeka kuliko siku ya kesi. Aliinua macho, akatupitia mmoja mmoja, na nadhani aliitambua sare yetu.

Sadoki, ambaye hamwamkii hata Mkuu wa Shule mpaka ashikwe sikio, akashusha lenzi yake. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Mmepita getini? Mmemwona Zawena hapo nje? Amekula?"

Hakuna aliyejibu. Tulikuwa tumepita getini. Tulikuwa tumemwona.

"Mwambieni mguu umepoa," akasema Bi. Mashavu. "Mwambieni asikae kwenye lile jiwe, lina baridi."

"Mmesikia?" mwongozaji alifurahi mpaka akakunja ngumi. "Mna bahati! Sauti hiyo ndefu huitoa mvua inapokaribia. Tazameni juu."

Mwalimu Kalembo akainua kalamu. Tukatazama juu, shingo arobaini na moja. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, haina wingu hata la kumfunika kunguru. Tulijaza karatasi tukiwa tumesimama hapo hapo. Sadoki aliandika kwenye nafasi ya sauti: "Anamuulizia mwanawe." Amepata sifuri na adhabu ya kung'oa kisiki nyuma ya bweni. Mimi niliandika: "Hutabiri mvua." Nimepata kumi kwa kumi, na karatasi yangu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Basi letu lilipotoka getini Zawena aliinuka kwenye jiwe. Alikimbia kando yetu, ameshika ukingo wa dirisha, hajavaa viatu, na macho yake yalikuwa yanatutafuta ndani, kiti kwa kiti.

"Wadogo zangu, mmemwona? Mguu wake vipi? Jamani, semeni basi, amewaambia nini?"

Sadoki alikuwa amefungiwa kiti cha nyuma kwa utovu wa nidhamu, na Mwalimu Kalembo alikuwa amemziba mdomo kwa kiganja. Kiti kilichokuwa karibu na lile dirisha kilikuwa changu.

Nikatazama juu. Wenzangu nao, mmoja baada ya mwingine, wakatazama juu. Safari hii hakuna aliyeinua kalamu.